Mzee Aliyevunjika Mfupa na Haki Yake ya Kupanga

Tarehe 30 Desemba 2002, mbele ya umati uliofurika katika bustani ya Uhuru mjini Nairobi, Mwai Kibaki alikula kiapo cha urais wa Kenya akiwa ameketi katika kiti cha magurudumu, mguu wake umefungwa plasta ngumu, kwa kuwa usiku wa tarehe 3 ya mwezi uo huo gari lililokuwa likimrejesha kutoka katika kampeni lilipata ajali kwenye njia kuu ya Mombasa, upande wa Machakos, naye akaumia mkono na kifundo cha mguu kiasi cha kupelekwa London kutibiwa. Umri wake ulikuwa miaka 71. Wenziwe wa muungano wa NARC, Raila Odinga akiwa mstari wa mbele, hawakukaa kitako wakingoja mifupa iunge, bali waliendelea kuizunguka nchi wakimwombea kura mtu aliyelala hospitalini ng'ambo ya bahari, hata ilipofika siku ya uchaguzi, tarehe 27, kazi ilikuwa imekwisha kufanyika. Januari 2003 alirudishwa hospitali kwa ajili ya damu iliyoganda mguuni, jambo linalowapata wengi walioumia miguu na kukaa muda bila ya kutembea. Akatibiwa, akaendelea, akaongoza hadi mwaka 2013, na akafariki dunia Aprili 2022 akiwa na miaka 90.

Simtaji marehemu kwa nia ya kufufua siasa za wakati ule, bali kwa kuwa kisa chake, kilichotokea mbele ya macho ya Afrika Mashariki nzima, kinaonyesha jambo ambalo kwa watu wasiokuwa na cheo hutokea faraghani, tena kwa namna iliyo kinyume kabisa. Mzee yule aliumia akiwa na kesho iliyokwisha kupangwa: palikuwapo kazi inayomngoja, palikuwapo watu waliojua la kufanya wakati yeye hayupo, na palikuwapo neno lake mwenyewe, ambalo hakuna aliyethubutu kulipindua kwa hoja kwamba mwenye neno amelala kitandani. Mzee wa mtaani kwetu, fundi cherehani aliyestaafu, mvuvi aliyeacha kwenda baharini, bikizee aliyelea watoto na wajukuu, akivunjika mfupa hunyang'anywa yote matatu kwa siku moja, na hunyang'anywa na watu wanaompenda.

Ada zetu mbili ndizo zinazofanya kazi hiyo. Ya kwanza ni huruma ya kumlaza. "Pumzika, babu, kazi yako umekwisha kuifanya," anaambiwa, kisha hugeuzwa ubavu huu na ubavu huu, hulishwa kwa kijiko ilhali mikono yake ni mizima, na kila akitaka kuinuka hurudishwa kwa upole juu ya mto. Ya pili ni hofu ya uchuro, kwa maana mtu akithubutu kuuliza, baada ya ajali au kabla yake, babu akizidiwa nani ataamua, nyumba itatengenezwa vipi, gharama zitatoka wapi, wasia uko wapi, huonekana kuwa anamtakia mzee mauti, na baraza zima humkunjia uso. Baina ya huruma hii na hofu hii mzee hukaa miezi akiwa hai bila ya kuwa na amri juu ya uhai wake. Nami nasema, kwa heshima zote kwa waliotulea katika ada hizi, kwamba wakati wa kupona ndio hasa wakati wa kupanga, na kwamba mwenye haki ya kwanza ya kupanga ni huyo huyo aliyelala na jeraha.

Inafaa tujue kwanza ni kitu gani kinachovunjika. Mzee akianguka kwa ubavu, aghalabu usiku njiani kwenda chooni au kwenye kizingiti cha mlango wa uani, mfupa unaokatika mara nyingi ni ule wa paja, katika shingo yake, pale unapopinda kuingia nyongani. Kichwa cha mfupa huo, kilicho mviringo na kukaa ndani ya kikombe cha nyonga, hupata sehemu kubwa ya damu yake kwa mishipa midogo inayopanda juu ya hiyo shingo. Shingo ikikatika ndani ya kifuko cha kiungo, mishipa nayo hukatika, na kichwa kwa kukosa damu kinaweza kufa hata kama vipande viwili vimekutanishwa kwa ustadi mkubwa. Ndiyo sababu mabanzi na vitambaa vya muunga mifupa wa kienyeji, ambaye watu wengi bado humwendea kwanza, hayana la kufanya katika mvunjiko huu, na kila siku inayopita mzee akisuguliwa mafuta nyumbani ni siku inayopunguza faida ya matibabu. Mfupa ukikatika chini kidogo ya hapo, damu haikosekani, na daktari huufunga kwa chuma na skrubu. Ukikatika shingoni hasa, mara nyingi kile kichwa hutolewa kikatiwa cha bandia. Elimu hii si ya jana. Mwaka 1962 John Charnley, katika hospitali ya Wrightington nchini Uingereza, alianza kuweka nyonga ya bandia ya chuma na plastiki kwa njia ambayo misingi yake inafuatwa hadi leo, na kwetu upasuaji wa nyonga unafanywa katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, na katika KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, pamoja na hospitali nyinginezo.

Katika nchi ya Charnley mwongozo wa matibabu unataka mzee aliyevunjika nyonga apasuliwe siku ile ile aliyofika hospitali au siku ya pili yake, na kesho yake baada ya upasuaji asaidiwe kusimama, akiwa amepewa dawa ya kutosha ya maumivu. Msomaji asidhani kuwa huu ni ukatili. Kitanda, ambacho kwetu ni alama ya heshima anayopewa mgonjwa, ndicho kinachoua wengi kuliko mfupa wenyewe, kwa kuwa mzee aliyelala chali hashushi pumzi barabara na kifua hujaa hata akapata homa ya mapafu, damu ya miguu hupungua mwendo na kuganda, ngozi ya kitako na visigino hukosa damu kwa kugandamizwa hata ikafanya vidonda visivyopona upesi, na misuli, isipotumiwa, huyeyuka. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha habari za wazee wenye siha njema waliokubali kulala kitandani kwa siku 10 tu, na ikaonekana kwamba kwa wastani walipoteza karibu kilo nzima ya nyama ya miguu. Sembuse mzee aliyevunjika, asiyekula vizuri, anayelazwa mwezi na zaidi kwa mapenzi ya jamaa zake. Katika nchi zinazoweka hesabu, kiasi cha mmoja kati ya wanne au watano wa wazee waliovunjika nyonga hufariki kabla ya mwaka kutimia, na wengi wa waliobaki hawaurudii mwendo waliokuwa nao. Mambo haya ni mazito, na kuyaficha si hisani.

Wapo watakaosema kwamba mzee wa umri mkubwa hapasuliwi, kwamba nusukaputi itamchukua na kwamba ni heri aachwe na mfupa wake. Umri peke yake si hoja. Mama wa Malkia Elizabeth wa Uingereza alianguka Januari 1998 akiwa na miaka 97, akavunjika nyonga, akapasuliwa na kuwekewa ya bandia, akatembea tena kwa mkongojo mbele ya watu, na akaishi hadi Machi 2002, miaka 101. Nakubali kwamba aliuguzwa kwa utajiri ambao hakuna msomaji wa gazeti hili atakayeuona, lakini katika yote aliyofanyiwa, lile la kusimamishwa mapema na kutembezwa kila siku halihitaji mali; lahitaji mtu mwenye subira wa kumshika mkono, fimbo au kigari cha kuegemea, na jamaa waliokwisha kuelezwa kwamba maumivu ya kusimama si dalili ya mfupa kuharibika. Wako wazee ambao moyo wao au mapafu yao kwa kweli hayawezi kustahimili upasuaji, na juu ya hao tabibu ndiye mwenye neno. Ila neno hilo litoke kwa tabibu aliyempima mzee, lisitoke kwa mpwa aliyehesabu miaka yake.

Sasa tuje nyumbani, mahali ambapo mashauri mengi mazuri ya hospitali huishia. Tuseme ni bikizee wa Pangani aliyewekewa nyonga ya bandia na kurudishwa kwake baada ya siku chache. Daktari wake, kwa namna nyingi za upasuaji huu, amemkataza kwa miezi ya mwanzo kuchuchumaa, kukaa juu ya kiti cha chini kuliko magoti yake, kupishanisha miguu na kuinama sana, kwa kuwa kiungo kipya, misuli yake ingali haijashika, kinaweza kuchomoka. Lakini choo chake ni cha kuchuchumaa. Kitanda chake kimelegea katikati hata akikaa magoti hupanda juu ya kiuno. Jiko lake liko chini, mafiga matatu, na nazi yake ataikunia juu ya mbuzi, ambayo mkao wake, magoti juu na mgongo umeinama, ndio hasa mkao uliokatazwa. Na mwanamke aliyekuna nazi tangu utotoni hawezi kukaa siku nyingi akitazama mkaza mwana akiikuna vibaya. Kizingiti cha mlango wa uani, ambacho waliojenga nyumba walikiinua kuzuia maji ya masika, kipo pale pale alipojikwaa. Mkeka umelazwa ukumbini bila ya kushikizwa, taa ya uani haipo, na ndara alizovaa siku aliyoanguka zimewekwa kando ya kitanda zikimngoja.

Hakuna hata moja katika hayo lisilotengenezeka kwa fundi wa mtaani na fedha zisizofikia gharama ya siku chache za hospitali. Kiti cha mbao kilichotobolewa katikati na kuwekwa juu ya tundu la choo, bomba la chuma lililokitwa ukutani pa kushika, magogo manne ya kuinua miguu ya kitanda, meza ya kukunia nazi akiwa amekaa kitini, taa, viatu vyenye mkanda wa nyuma: orodha ni fupi, nayo ingeandikwa wakati mgonjwa bado yuko wodini, angekuta kila kitu tayari siku ya kurudi. Na huyu aliyevunjika upande mmoja yuko karibu zaidi ya wengine kuvunjika upande wa pili, kwa sababu kilichomwangusha bado anacho. Mifupa ya wanawake hupungua uzito upesi baada ya hedhi kukoma, na dawa za kuizuia isizidi kupungua zipo. Mtoto wa jicho hutolewa. Vidonge vya shinikizo la damu vinavyomtia kizunguzungu anapoinuka hupunguzwa au kubadilishwa na daktari. Dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao, maziwa yanapopatikana, na jua la asubuhi uani, vyote vinasaidia mfupa. Kumwunga mtu mguu na kumwacha arudi katika kiza kile kile na kizingiti kile kile ni kazi iliyofanywa nusu.

Liko jambo la pili ambalo ahali huwa hawaambiwi, na kwa kutoambiwa hutaharuki. Wazee wengi baada ya ajali na upasuaji wa aina hii huweweseka: hawajui ni mchana au usiku, humwita mtu aliyekufa zamani, huvuta mipira ya dawa, hukataa kula kwa kudai wanalishwa sumu. Jamaa hudhani ni jini, au ni wazimu wa ukongwe umeingia na hautatoka, ilhali hali hiyo aghalabu ni matokeo ya maumivu, dawa, kukosa maji mwilini, maambukizi, au ugeni wa mahali, na kwa walio wengi hupungua katika siku au majuma, hasa mgonjwa akirudishiwa miwani yake na kifaa chake cha kusikia, akiwashiwa taa usiku na kukaliwa karibu na mtu anayeijua sauti yake. Basi nauliza: ni lini hasa tulitaka kumwuliza mzee huyu mambo yake? Ikiwa kabla ya ajali ilikuwa uchuro, na sasa anaweweseka, basi swali litaulizwa lini? Nimeona jamaa wakimshikisha kalamu mgonjwa wa hali hii wakitaka atie saini hati ya shamba, na sijui dhuluma iliyo wazi kuliko hiyo, maana akili yake ikirejea atakuta mnazi alioupanda kwa mikono yake ni wa mtu mwingine, na ushahidi wa ridhaa yake ni mchoro wa mkono uliokuwa ukitetemeka.

Dini haitusaidii kujificha nyuma ya uchuro. Sheria ya Kiislamu, ambayo watu wengi wa pwani huifuata katika mirathi, imempa mtu nafasi ya kuusia hadi theluthi ya mali yake kwa wasiokuwa warithi, imetanguliza madeni yake kabla ya mgao, na imemhimiza mwenye cha kuusia asiuchelewe wasia wake. Na wakati huo huo imemsahilishia mgonjwa ibada, akasali ameketi asipoweza kusimama, na kwa ubavu asipoweza kuketi. Maulamaa hawakuona kwamba kuyafikiria mapema mazingira ya udhaifu ni kupungua kwa tawakali. Wakristo nao wana ada zao za wasia na za kuwakabidhi mapadre na wachungaji hati zao. Lakini wasia wa mali ni sehemu tu ya jambo, na kwa maoni yangu si sehemu iliyo kubwa, kwani huhusu siku ambayo mzee hatakuwapo; lililo kubwa ni maagizo ya siku atakazokuwapo bila ya nguvu. Anataka kuuguziwa nyumba ya nani? Nani awe msemaji wake mbele ya daktari, na watoto wakigombana neno la nani lishikwe? Yuko tayari kupasuliwa mara ya pili, au amekwisha kutosheka? Pasi-buku ya benki, hati ya nyumba, madai aliyonayo kwa watu na amana za watu alizonazo, viko wapi? Haya yaandikwe katika karatasi moja, mzee akiwa na akili zake timamu, mbele ya mashahidi, na karatasi isifichwe mahali ambapo itaonekana baada ya maziko.

Wala kupanga kwa mzee kusihesabiwe kuwa ni kupanga mwisho. Mifupa huhitaji kiasi cha miezi mitatu kuunga, na nguvu huendelea kurudi hadi kufikia mwaka. Huo ni muda mrefu, na mtu mwenye akili hawezi kuumaliza akitazama boriti. Nahodha aliyekipweleza chombo chake ili kitiwe kalafati na kupakwa sifa halali akalia kwamba bahari imemkataa. Kipindi hicho ndicho anachokitumia kuhesabu shehena, kuchagua mabaharia na kuamua pepo zikigeuka ataelekea Lamu au Kilwa. Mzee anayepona vivyo hivyo na aulizwe anataka kufanya nini mguu ukipona, na jibu lake ndilo lifanywe kipimo cha mazoezi yake. Akisema anataka kufika msikitini kwa miguu, basi hatua kutoka kitandani hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi barazani, kutoka barazani hadi pembe ya mtaa, ziwe na maana ambayo hesabu tupu ya mtaalamu wa mazoezi ya viungo haiwezi kuzipa. Akisema anataka kuhudhuria harusi ya mjukuu baada ya miezi minne, tarehe iandikwe ukutani. Akisema hataki tena kupanda darini na kwamba duka analikabidhi kwa binti yake, huo pia ni mpango, nao ni wa mtu aliye hai. Fundi atakayeshindwa kusimama mbele ya meza ya kazi bado ana macho na ulimi wa kumfundisha kijana, na umri wa mikono yake ndio thamani yenyewe.

Serikali zetu zimekwisha kukiri kwa maandishi kwamba wazee wana haki. Tanzania ilitunga Sera ya Taifa ya Wazee mwaka 2003, iliyomhesabu mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na zaidi, na mwaka 2023 ilipitisha sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Zanzibar tangu Aprili 2016 ilianza kumlipa kila mkazi wa miaka 70 na zaidi pensheni, ikianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, bila ya kuuliza aliwahi kuajiriwa au la. Kenya nayo mwaka 2018 ilianza kuwapa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 za huko kwa mwezi katika mpango wa Inua Jamii. Nayasifu haya kwa moyo safi. Lakini mzee aliyevunjika nyonga huko Mafia au Kilwa bado hulazimika kuvuka maji au kwenda safari ndefu ya gari akiwa na mfupa uliokatika, na jamaa zake, ikiwa hana bima, huuza ng'ombe au kipande cha shamba kwa bei ya mtu mwenye haraka ili kupata fedha za chuma na damu, kisha akirudi hakuti karibu naye mtaalamu hata mmoja wa tiba ya viungo. Tungeanzia hapo. Kila hospitali ya wilaya ikiwa na mtu mmoja wa kazi hiyo, mwenye pikipiki na ruhusa ya kwenda majumbani, na kila mgonjwa akitoka wodini na karatasi ya Kiswahili inayosema afanye zoezi gani, asikae mkao gani, arudi lini, na dalili zipi zimkimbize hospitali, kama mguu kuvimba, pumzi kukatika au kidonda kutoa usaha, fedha nyingi zinazotumika kununua vyuma zingeonekana matunda yake. Bima nayo, itakapokuwa ya wote kwa vitendo, ihesabu mazoezi na kigari cha kutembelea kuwa ni matibabu, kama inavyohesabu kisu na sindano.

Yuko mtu mmoja ambaye mara nyingi hakai katika kikao cha mashauri haya, naye ndiye atakayeyabeba. Wanaume wa ukoo hukutana barazani, huchanga, hutuma fedha kutoka Dar es Salaam au Maskati, huamua mzee aletwe nyumba fulani, kisha huondoka; na binti asiyeolewa, au mkaza mwana, au mjukuu wa kike wa miaka 15, ndiye anayeamka usiku kumgeuza, kumwosha, kumshika akienda chooni na kukiona kidonda kabla ya mtu mwingine yeyote. Hakuulizwa kama anaweza. Hakufundishwa namna ya kumwinua mtu mzima bila ya kuumia mgongo, na nesi angemfundisha kwa muda mfupi tu wodini. Kama ana biashara ya vitumbua, imesimama, na wala haikutajwa katika mchango. Kama yuko shule, kiti chake kimekuwa kitupu tangu wiki ile ya ajali, na mwalimu ameambiwa kuna mgonjwa nyumbani. Kikao cha ukoo, kabla ya gari la kumrudisha mzee kuitwa, kimweke binti huyu mbele, aulizwe atalala saa ngapi, nani atampokea zamu siku za wiki, fidia ya kazi yake itatoka kwa nani, na masomo yake yatakuwaje. Na mzee mwenyewe awepo pale, akiwa ameketi, ayasikie majibu na kuyakubali au kuyakataa.